BUNDUKI YA KWANZA: MBALI YAKO NI META NGAPI?



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ya usalama, viatu vya chuma, vumbi na mashine. Leo tunasema juu ya chombo kingine chenye nguvu, ambacho wengine wetu wanakinunua kwa akiba ya miaka mingi: bunduki ya uwindaji. Mtu anapokaribia pensheni, au anapopata konje ndefu, moyo wake unarudi kwenye pori la baba zake. Kabla ya safari anataka bunduki yake mwenyewe, iliyotengenezwa na fundi kwa kipimo chake, yenye darubini juu yake, ili aweze kumpiga mnyama aliye mbali.

Nia hiyo haina ubaya, mradi sheria ifuatwe. Lakini mwenye bunduki mpya huulizwa na rafiki zake swali moja tu: «Inapiga meta ngapi?» Bunduki karibu zote za uwindaji zinapiga mbali kuliko macho yetu. Swali la kumwuliza ni hili: «Wewe mwenyewe unapiga meta ngapi?» Asiyejua jibu lake atawajeruhi wanyama na kuwapoteza. Siku mbaya atampiga mtu ambaye hakumwona kabisa.

Tueleze mambo haya polepole, moja baada ya lingine.

KARATASI KWANZA, CHUMA BAADAYE

Katika inchi yetu silaha si mali kama baiskeli. Sheria juu ya silaha na risasi ni Ordonansi-Sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Sheria juu ya uwindaji ni ile namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Zote mbili zinadai ruhusa. Kuna ruhusa ya kushika silaha, na kuna ruhusa ya kuwinda. Moja haichukui nafasi ya nyingine. Katika mbuga za taifa, kama Upemba (tangu 1939) na Kundelungu (tangu 1970), uwindaji umekatazwa. Nje ya mbuga kuna miezi ya kufunga uwindaji na kuna wanyama wanaolindwa. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata franka moja kwa fundi, nenda kwenye ofisi za Serikali uulize ni silaha gani unaweza kuruhusiwa, na mahali gani. Wako watu waliolipa bunduki kwanza, kisha wakaulizia ruhusa. Wamebaki na deni, na bunduki imechukuliwa.

FUNDI WA KWELI ANAFANYA NINI?

Mji unaojulikana sana kwa kazi hii ni Liège, kule Ubelgiji. Mafundi wake wametengeneza bunduki kwa karne nyingi, na nyingi kati ya hizo zilifika huku kwetu Kongo. Karibu na mji huo, mahali paitwapo Herstal, kuna kiwanda cha FN kilichoanzishwa mwaka 1889. Bunduki nyingi za kuagiza, hata leo, zinajengwa juu ya mtambo wa aina ya Mauser wa mwaka 1898, wenye komeo la kufungua na kufunga kwa mkono. Fundi huchukua mtambo huo, akautia mtutu mpya, akachonga kitako cha mti kwa kipimo cha mnunuzi, akarekebisha kifyatulio, akafunga darubini.

Lakini jambo kubwa la Liège ni lingine kabisa. Tangu mwaka 1672 mji huo una nyumba ya kujaribia bunduki. Kila mtutu hufungwa mahali salama na kupigwa kwa risasi yenye nguvu kupita ile ya kawaida. Kwa bunduki za risasi moja moja za uwindaji, kanuni ya mataifa inataka nguvu ya robo moja zaidi ya kiasi cha juu kinachoruhusiwa. Mtutu ukipasuka, unapasuka pale, mbele ya ukuta, wala si mbele ya uso wa baba wa watoto. Ukivumilia, unapigwa alama. Alama ya Liège inayojulikana ni herufi ELG ndani ya yai dogo. Nchi nyingine zina alama zao.

Ninyi wa karakana mnaelewa maana yake. Mtungi wa hewa na mnyororo wa kuinulia mizigo hujaribiwa kabla ya kukabidhiwa kwa wafanyakazi. Bunduki pia ni mtungi: ndani yake moto unasukuma kwa nguvu kubwa sana, sentimeta chache mbele ya macho yako. Basi unapopokea bunduki ya fundi, tazama kwanza alama ya majaribio kwenye mtutu. Uzuri wa mti na nakshi za fedha utazame baadaye.

BUNDUKI YA BOMBA

Hapa inatupasa kusema wazi. Kwa wengi wetu «bunduki ya fundi» si ile ya Liège. Ni pupu, iliyofuliwa na fundi wa kijiji kutoka bomba alilolipata. Mafundi hao wana akili na mikono mizuri, hatuwadharau. Lakini bomba la maji lilitengenezwa kubeba maji. Mara nyingi lina mshono mrefu uliochomelewa, na hakuna anayejua chuma chake ni cha namna gani, wala hakuna nyumba ya kulijaribia. Linaweza kuvumilia mara 50, likapasuka mara ya 51. Wanaoumia kwanza ni vidole vya mkono wa kushoto na macho.

Mambo matatu yanapasua mtutu upesi zaidi:

Moja, kizuizi ndani yake: udongo, majani, kitambaa cha kusafishia kilichosahauliwa. Tazama ndani ya mtutu, bunduki ikiwa tupu, kila mara unapoanguka au unapouegemeza chini.

Mbili, baruti isiyo yake. Baruti ya ndani ya risasi za kisasa haifanani na ile nyeusi ya bunduki za kushindilia. Anayefungua risasi za kisasa na kumimina baruti yake katika pupu anatengeneza bomu.

Tatu, na hili tunalisema kwa sauti kubwa kwa sababu sisi ni watu wa mgodi: dinamiti na baruti nyingine za mgodi hazifai hata chembe katika bunduki. Baruti ya bunduki huwaka upesi na kusukuma. Baruti ya mgodi hulipuka kwa mwendo wa maelfu ya meta kwa sekunde na kuvunja mwamba. Mwamba wenyewe hauvumilii, je, bomba litavumilia? Tena, anayeiba baruti kazini anapoteza kazi na kuingia gerezani, hata kama mkono wake umebaki mzima.

BUNDUKI IKUFAE KAMA KIATU

Faida ya kweli ya bunduki iliyoagizwa ni kwamba imepimwa kwa mwili wako. Ukiiinua begani huku macho yamefungwa, kisha ukafungua macho, inafaa jicho likutane na darubini moja kwa moja, bila kunyosha shingo. Kitako kikiwa kirefu mno, kinanasa katika nguo. Kikiwa kifupi mno, kidole gumba kinakupiga puani. Darubini iwe mbali na jicho karibu sentimeta 8 hadi 10, kama mtengenezaji wake anavyosema. Ikikaribia zaidi, itakuchana nyusi siku ya kwanza, na tangu hapo utaogopa bunduki yako.

Jambo la pili ni nguvu ya risasi. Wengi wanataka kalibre kubwa mara ya kwanza. Kalibre .375 ya Holland & Holland, iliyotoka Uingereza mwaka 1912, imeheshimiwa sana katika Afrika kwa ajili ya wanyama wakali. Lakini pigo lake begani ni karibu mara mbili ya pigo la .30-06, iliyotoka Marekani mwaka 1906. Mtu anayepigwa sana begani hujifunza kufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa hofu kabla ya wakati. Hofu hiyo ikiingia haitoki upesi. Kwa swala na wanyama wa kadiri, kalibre ya kadiri katika mkono uliotulia inatosha. Kwa nyati haitoshi, na anayejifunza hana kazi na nyati.

RISASI INAVYOKWENDA

Wengi wanadhani risasi inakwenda sawasawa kama kamba iliyovutwa. Sivyo. Inapotoka mtutuni inaanza kuanguka kama jiwe lolote. Tofauti ni mwendo wake tu.

Tuchukue .30-06 yenye kichwa cha gramu 11,7. Inatoka kwa mwendo wa karibu meta 820 kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya mwendo wa sauti. Tuseme fundi amelinganisha darubini ili risasi ifike katikati kwa meta 200. Mambo yatakuwa karibu hivi:

— kwa meta 100, risasi inapita juu ya alama sentimeta 5;
— kwa meta 200, iko katikati;
— kwa meta 300, imeshuka sentimeta 25;
— kwa meta 400, imeshuka sentimeta 70.

Tazameni vizuri. Kutoka 100 hadi 200 tofauti ni ndogo. Kutoka 300 hadi 400 risasi imeshuka sentimeta 45 zaidi. Mwindaji akidhani mnyama yuko meta 300, naye yuko 400, hatapiga kifua. Atavunja mguu, au atapiga udongo. Mnyama mwenye mguu uliovunjika anakimbia, anakufa baada ya siku nyingi, na hakuna anayemla isipokuwa fisi.

Sasa ongeza upepo. Upepo wa kilometa 16 kwa saa ni ule unaotikisa majani na vijiti vidogo bila kuacha. Ukitoka ubavuni, unasukuma risasi hiyo karibu sentimeta 20 kwa meta 300, na karibu 40 kwa meta 400. Na upepo wa mahali uliposimama si lazima uwe sawa na ule wa mahali aliposimama mnyama.

Ongeza tena muda. Kwa meta 300 risasi inatumia karibu sekunde 0,4 njiani. Ni kama kufumba na kufumbua jicho. Lakini mnyama anayetembea polepole, meta moja na nusu kwa sekunde, amesogea sentimeta 60. Ulilenga moyo, umepiga tumbo. Kosa si la fundi.

UNAJUAJE UMBALI?

Macho yanadanganya, zaidi sana mahali pa wazi na wakati wa jua la asubuhi. Kuna kipimo ambacho kila mtu wa kambi anacho: uwanja wa mpira. Uwanja wa michezo ya mataifa una urefu wa meta 100 hadi 110. Simama nyuma ya goli moja, utazame goli la upande mwingine. Hiyo ndiyo meta 100. Mlinda mlango wa kule anaonekana mdogo namna gani? Sasa fikiri viwanja viwili vikifuatana, kisha vitatu. Wengi wanaosema «nilimpiga kwa meta 300» wakifanya jaribio hili wananyamaza.

Jizoeze bila bunduki. Ukitembea njiani, chagua mti, useme umbali wake, kisha uhesabu hatua zako hadi pale. Baada ya miezi miwili jicho litakuwa limejifunza, na mazoezi hayo hayana gharama.

MAZOEZI, HATUA KWA HATUA

Mahali. Tumia mahali palipoidhinishwa na wakubwa wa Serikali, penye ukuta mrefu wa udongo nyuma ya alama. Usitumie lundo la mabaki ya mgodi hata kama linaonekana kama ukuta mzuri. Wachimbaji na watoto wanapita huko, na mawe yanarudisha risasi upande usioujua. Weka mtu wa kulinda njia, kama tunavyoweka walinzi kabla ya kulipua. Mlinzi akiinua mkono, wote wanafungua makomeo na kuweka bunduki chini.

Hatua ya 1: bunduki tupu. Hakikisha mara mbili kwamba haina risasi, na kwamba risasi ziko mahali pengine kabisa. Lenga ukuta wa udongo, uvute kifyatulio polepole. Darubini isitikisike wakati kinapolia. Fanya mara 20 kila siku kwa majuma manne. Uliza kwanza fundi kama mtambo wako unakubali kupigwa tupu. Wa bunduki nyingi za kisasa unakubali.

Hatua ya 2: kulinganisha. Egemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, wala si juu ya kitu kigumu. Anza kwa meta 25 ili uone risasi inagusa karatasi wapi, kisha nenda 100. Piga risasi 3, tazama kundi la matundu, halafu ndipo uzungushe kifungo cha darubini. Katika darubini nyingi mlio mmoja wa kifungo unasogeza risasi milimeta 7 hivi, au sentimeta 1, kwa meta 100. Soma kilichoandikwa juu yake. Usizungushe baada ya kila tundu moja, maana utakimbizana na kivuli chako.

Hatua ya 3: acha meza. Porini hakuna meza wala mfuko wa mchanga. Piga ukiwa umeketi, umepiga goti, au umeegemeza bunduki juu ya fimbo mbili zilizofungwa pamoja. Chukua sahani ya karatasi yenye upana wa sentimeta 15. Hicho ndicho kipimo cha moyo na mapafu ya swala wa kadiri, bila kuongeza chochote. Piga risasi 5 kwa meta 50. Zikiingia zote 5 katika sahani, kwa siku mbili mbalimbali, nenda meta 100. Tena 5 kwa 5, siku mbili. Kisha 150, kisha 200. Pale inapotoka hata moja, rudi nyuma.

Hesabu yake ni rahisi. Mkono unaotawanya risasi katika sentimeta 5 kwa meta 100 utazitawanya katika 10 kwa meta 200, na 15 kwa meta 300, upepo ukiwa umelala. Anayetawanya sentimeta 15 kwa meta 100 amefika mwisho wake pale pale. Hakuna fundi wa Liège awezaye kumsogezea mpaka huo. Mazoezi tu yanausogeza.

Hatua ya 4: risasi ya kwanza. Andika katika daftari kila risasi ya kwanza ya kila siku, ile inayotoka mtutu ukiwa baridi na bega likiwa halijazoea. Mnyama hakupi risasi ya kujaribia. Baada ya siku 10 za mazoezi, tazama zile 10 za kwanza peke yake. Hizo ndizo zinaonyesha wewe ni mwindaji gani.

Hatua ya 5: pumzi. Tembea upesi meta 200, kisha upige. Utashangaa kuona sahani imekuwa ndogo.

Hofu ya pigo inatibiwa hivi: mwenzako aweke bunduki tayari, mara na risasi, mara tupu, bila kukuambia. Ikilia tupu na mtutu ukazama chini, umejiona mwenyewe. Rudi Hatua ya 1.

Ukinunua risasi za kiwanda kingine, au bunduki ikisafiri ndani ya lori siku nzima, linganisha tena. Na risasi isipolia, fanya kama tunavyofanya kwa tundu la mgodi lisilolipuka: usikimbilie kufungua. Bunduki ibaki imeelekea ukuta wa udongo kwa nusu dakika nzima, ndipo ufungue komeo, uso ukiwa pembeni.

PORI LETU LINA WATU

Mchezo wa kupiga mbali ulikua zaidi katika nchi za wazi, kama milima na nyika za magharibi ya Marekani, ambako jicho linafika mbali bila kuzuiwa. Hata huko wawindaji hawakubaliani wote. Chama cha Boone and Crockett, kilichoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake, kimesema kwamba kumpiga mnyama kutoka mbali mno, asipoweza kumsikia wala kumnusa mwindaji, kunaharibu heshima ya uwindaji.

Kwetu Katanga sababu ni nzito zaidi. Katika miombo yenye majani, mara nyingi hatuoni hata meta 100. Tena pori hilo halikai tupu. Mama anatafuta uyoga baada ya mvua. Watoto wanakusanya viwavi. Wachoma makala wamelala kando ya tanuru yao. Mvuvi anapita na baiskeli yake. Risasi ya .30-06 iliyopigwa juu inaweza kwenda zaidi ya kilometa 4. Hata ile ndogo ya .22, ambayo watu wanaiita ya ndege, inapita kilometa moja na nusu. Majani na nyasi haziizuii.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kifyatulio, jiulize: nyuma ya mnyama kuna nini? Jibu linalokubaliwa ni moja: udongo ninaouona. Vichuguu vikubwa vya inchi yetu, vyenye meta 5 na zaidi, ni zawadi kwa mwindaji mwenye akili. Ngoja mpaka mnyama asimame mbele ya kichuguu au mbele ya mteremko, nawe uwe umeona kwamba hakuna mtu kando yake. Mnyama aliyesimama juu ya kilima, mbingu ikiwa nyuma yake, haruhusiwi kupigwa, hata kama ni mkubwa namna gani. Mwache apite. Na usitumie darubini ya bunduki kutazama kitu kinachotikisika majanini, maana ukitazama hivyo tayari umeelekeza mtutu. Chukua darubini ya mkononi.

Wazee wetu walikuwa na njia nyingine ya kufupisha umbali: walinyata. Upepo usoni, mguu juu ya mguu, saa nzima kwa meta 100. Anayejua kunyata hahitaji kupiga meta 300. Anasogea mpaka mnyama awe ndani ya mpaka ambao sahani ya karatasi imeuthibitisha.

MASIKIO NA RISASI

Kazini tunavaa vifuniko vya masikio pale kelele inapofika desibeli 85 kwa saa 8. Kwa kelele ya ghafla mpaka ni desibeli 140. Mlio wa bunduki ya uwindaji unafika karibu 160. Risasi moja tu bila kinga inaweza kuharibu sehemu ya ndani ya sikio, na sehemu hiyo haioti tena. Kwa mtu ambaye mashine za mgodi zimekwisha kula sikio lake kidogo kidogo, bunduki inamaliza kazi. Kwenye mazoezi vaa vizibo ndani ya sikio na vifuniko juu yake, na walio karibu nawe wavae pia. Vaa miwani ya usalama. Mnayo tayari, mmeizoea.

Risasi nyingi zina madini ya risasi, na madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto na kwa mama mwenye mimba. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Baada ya mazoezi nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula au kuvuta sigara, na usimshike mtoto kwa nguo zile zile. Ukichinja, kata nyama pande zote za tundu kwa upana wa kiganja, uitupe mahali ambapo hata mbwa hatafika. Vipande vidogo sana vya risasi vinaingia mbali ndani ya nyama, na jicho haliwezi kuviona.

KWA MAMA WA NYUMBA

Mama, bunduki ikiingia nyumbani mwako una haki ya kuuliza. Iko wapi? Imefungwa kwa ufunguo? Komeo limetolewa na kuwekwa kando? Risasi ziko katika sanduku lingine, lenye ufunguo mwingine? Bunduki chini ya kitanda, au nyuma ya mlango, haikufichwa. Watoto wanajua kila kilichomo chumbani kuliko wazazi. Usikubali jibu la «haina risasi». Watu wengi wamekufa kwa bunduki iliyosemwa kuwa haina risasi. Na siku ambayo kuna pombe nyumbani, ufunguo ukae kwako.

KATA MANENO HAYA, UYABANDIKE UKUTANI

1. Karatasi za Serikali kwanza, fundi baadaye.
2. Mtutu usio na alama ya majaribio haufai karibu na uso wangu.
3. Baruti ya mgodi haiingii katika bunduki hata siku moja.
4. Kila bunduki ninaihesabu kuwa ina risasi.
5. Mpaka wangu ni pale risasi 5 zinapoingia zote katika sahani ya sentimeta 15.
6. Nyuma ya mnyama nione udongo, au nisipige.
7. Kidole kinakaa nje ya kifyatulio mpaka nimeamua.
8. Masikio na macho vimefunikwa kwenye mazoezi.
9. Mnyama niliyemjeruhi, namfuata mpaka nimpate.
10. Nyumbani: bunduki, komeo na risasi, mahali patatu, funguo mbalimbali.

Ndugu, mwindaji mwema anarudi na hadithi fupi: nilinyata, nilingoja, nilipiga mara moja. Siku nyingine anarudi bila nyama, kwa sababu mnyama alikuwa mbali mno, au kwa sababu hakuona nyuma yake kuna nini. Siku hiyo, bibi yake, usimcheke. Mpe chakula. Amefanya kazi yake vizuri, na watu wote waliokuwa porini wamerudi nyumbani kwao.